Kumwandaa mwalimu Mnavajo awe mkuu wa shule kwao: mwongozo wa hatua kwa hatua

Kila muhula mpya unapokaribia, wenzetu wanaosoma au kufundisha huku kusini-magharibi mwa Marekani huniuliza yaleyale kuhusu shule za Wanavajo, taifa la wenyeji wa asili wa Marekani lenye ardhi na serikali yake. Leseni ni ya jimbo gani? Nani hasa humwajiri mkuu wa shule? Lazima mtahiniwa aongee Kinavajo? Fedha zinatoka wapi? Nimeona niyaweke yote mahali pamoja, ili wewe uliyepewa kazi ya kuratibu programu ya namna hii, uwe chuoni au wilayani, usianzie gizani.

Niseme mapema ninachokiamini. Walimu Wanavajo wenye uwezo wa kuongoza shule wapo, tena wapo siku nyingi. Kinachowakwamisha ni mpangilio: darasa la chuo liko mwendo wa saa tatu kwa gari, ada haijulikani italipwa na nani, wilaya haitoi ruhusa ya kutoka darasani, na mwisho wa safari leseni hailingani na shule anayoitaka. Kazi yako ni kuviondoa vikwazo hivyo kimoja baada ya kingine. Mapenzi kwa jamii yake mwalimu huyo anayo tayari.

Historia kidogo tu, maana bila hiyo utakaa mikutanoni usielewe kwa nini watu wananyamaza. Mkataba wa 1868 uliowarudisha Wanavajo kwao kutoka uhamishoni Bosque Redondo uliahidi mwalimu mmoja kwa kila watoto 30. Shule zilizofuata nyingi zilikuwa za bweni za serikali kuu, ambako mtoto alikatwa nywele na kuadhibiwa kwa kuongea lugha ya mama yake. Wazee waliosoma huko bado wapo, na baadhi yao utawakuta kwenye bodi za shule. Mwaka 1966 ilifunguliwa shule ya Rough Rock, Arizona, chini ya bodi ya wenyeji wenyewe, na mwaka 1968 kikaanzishwa chuo cha kwanza nchini kinachomilikiwa na taifa la wenyeji, ambacho leo kinaitwa Diné College (Diné ni jina ambalo Wanavajo hujiita wenyewe). Programu unayotaka kuiratibu inaingia katika njia hiyo iliyokwisha kuchongwa.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Barua ya kuungwa mkono na idara ya elimu ya Taifa la Wanavajo, iliyoko Window Rock. Idara hiyo na bodi yake ya elimu zina nguvu ya Sheria ya Mamlaka ya Elimu ya mwaka 2005.
- Chuo kikuu chenye programu ya shahada ya uzamili iliyoidhinishwa kutoa leseni ya utawala katika jimbo husika. Shahada ya uongozi wa elimu isiyoelekea kwenye leseni itampotezea mtu miaka miwili.
- Wilaya au shule iliyokubali kwa maandishi kumwachia mwalimu siku za mafunzo ya vitendo.
- Fedha za mzunguko mzima, tangu muhula wa kwanza hadi leseni.
- Wakuu wa shule Wanavajo, walioko kazini au waliostaafu, watakaokubali kuwa walezi. Wapangie malipo. Usiwaombe wafanye bure.
- Kibali cha bodi ya Taifa la Wanavajo inayokagua utafiti unaohusu watu, kama unakusudia kukusanya takwimu au kuandika makala. Kibali cha chuo chako peke yake hakitoshi.

Hatua ya 1: Jua shule ni ya nani

Hapa ndipo wageni wengi hukosea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Aliyezoea TSC, tume ya kuajiri walimu ya Kenya, anatarajia mamlaka moja inayowapanga wakuu wa shule nchi nzima. Huku hakuna kitu kama hicho. Ardhi ya Wanavajo ina ukubwa wa kilomita za mraba 70,000 na ushei, zaidi ya Rwanda na Burundi zikiunganishwa, na imekatiza majimbo matatu: Arizona, New Mexico na Utah. Ndani yake shule mbili zinazotazamana barabarani zinaweza kuwa na waajiri tofauti kabisa.

Ziko shule za umma za jimbo, zilizo chini ya wilaya kama Chinle, Kayenta, Ganado, Tuba City na Window Rock upande wa Arizona, au Central Consolidated na Gallup-McKinley upande wa New Mexico. Hizi hufuata sheria za leseni za jimbo, na mkuu wa shule huajiriwa na bodi ya wilaya.

Ziko shule zinazoendeshwa moja kwa moja na Bureau of Indian Education, ofisi ya serikali kuu yenye shule 183 nchi nzima. Huko mkuu wa shule ni mtumishi wa serikali kuu, na maombi hupitia mfumo wa ajira wa serikali hiyo.

Na ziko shule za ruzuku. Fedha zinatoka kwa ofisi hiyohiyo, lakini uendeshaji uko mikononi mwa bodi ya wenyeji, kwa mujibu wa sheria ya shule zinazoendeshwa na mataifa ya wenyeji ya mwaka 1988. Huku mkuu wa shule hubeba mengi: uhasibu wa ruzuku, ukarabati wa majengo, mabasi, hata nyumba za walimu.

Kaa na kila mtahiniwa, chukueni ramani, aonyeshe shule anayotamani kuiongoza. Andika jimbo, aina ya shule na mwajiri. Karatasi hiyo moja ndiyo itakayoamua leseni gani atafute na mafunzo ya vitendo ayafanyie wapi.

Tahadhari: usidhani leseni ya Arizona inavuka mpaka yenyewe. Mwalimu anayeishi Fort Defiance, Arizona, anaweza kupata kazi Gallup, New Mexico, asubuhi na jioni akalala kwake, lakini makaratasi ni ya majimbo mawili. Uliza juu ya utambuzi wa leseni kabla ya kuanza masomo.

Hatua ya 2: Piga hodi kwanza

Taifa la Wanavajo lina chapta 110. Chapta ni serikali ya mtaa, yenye mikutano ambako watu husema yao bila haraka. Omba nafasi kwenye ajenda ya chapta za eneo lako, na kwenye kikao cha bodi ya shule. Nenda na mwenyeji. Ukipewa nafasi, sema wewe ni nani, umetoka wapi na watu wako ni akina nani kabla ya kuanza mambo ya programu. Wanavajo hujitambulisha kwa koo nne: ya mama, ya baba, ya babu mzaa mama na ya babu mzaa baba. Wewe mgeni jitambulishe kwa ukweli wako, usijitafutie ukoo.

Usipeleke mpango uliokamilika. Peleka maswali: mnataka mkuu wa shule wa namna gani, mtoto akimaliza darasa la nane mngependa awe anajua nini, lugha mnataka ifundishwe vipi. Majibu yaandikwe na yaingie kwenye programu. Watu wakirudi mkutano wa pili na kuona maneno yao yamo, utapata ushirikiano ambao barua kumi zisingeuleta.

Tahadhari: mkutano ukianza kwa Kinavajo usikatize kuomba tafsiri. Mwenzako atakueleza baadaye.

Hatua ya 3: Chagua watahiniwa pamoja na jamii

Tengeneza kamati ya watu watano au sita: mtu wa idara ya elimu ya Taifa, mjumbe wa bodi, mkuu wa shule mlezi, mzazi, na mmoja tu wa chuo. Chuo kisiwe na kura nyingi.

Tazama alama za shahada ya kwanza, lakini zisiwe ungo pekee. Uliza: wazazi humtafuta nani mambo yakiharibika? Nani huachiwa shule mkuu anapokwenda Phoenix? Mara nyingi jina ni lilelile, na mara nyingi ni la mwalimu aliyeanza kama msaidizi wa darasa, akajisomea taratibu mpaka akapata shahada. Huyo hatajaza fomu kwa majigambo. Katika desturi yake kujisifu ni aibu. Kwa hiyo ruhusu wengine wampendekeze, na kwenye usaili muulize juu ya kazi aliyoifanya, usimtake ajipigie debe.

Hakikisha pia miaka ya kufundisha inatosha. Arizona kwa kawaida hutaka miaka mitatu kamili darasani kabla ya cheti cha mkuu wa shule. New Mexico ina ngazi zake, ambapo leseni ya utawala ni ngazi ya 3-B.

Hatua ya 4: Tafuta fedha na usome masharti yake

Chanzo kikubwa ni ruzuku ya Wizara ya Elimu ya Marekani kwa ajili ya kuendeleza wataalamu wa elimu wa jamii za wenyeji. Hulipa ada, vitabu na posho, na hutolewa kwa ushindani kwa vyuo na mataifa, si kwa mtu mmoja mmoja. Ofisi ya ufadhili wa masomo ya Taifa la Wanavajo nayo ipo, na baadhi ya wilaya huchangia.

Ruzuku hiyo ya wizara ina deni la kazi. Aliyesomeshwa anatakiwa kufanya kazi ya fani aliyosomea, katika wilaya yenye idadi kubwa ya wanafunzi wa jamii za wenyeji, kwa muda ulio sawa na ule aliosomeshwa. Asipofanya, anarudisha fedha. Msomee kila mtahiniwa masharti haya ana kwa ana kabla hajatia sahihi, na mwombe aje na mwenzi wake au mama yake kama anapenda. Deni la namna hii huikalia familia nzima.

Weka fungu la mafuta ya gari na la malezi ya watoto. Programu nyingi husahau mafungu haya mawili, na hayo ndiyo humfanya mama wa watoto watatu aache masomo mwezi wa pili.

Hatua ya 5: Peleka masomo walipo

Kutoka Chinle hadi Flagstaff, mji wenye chuo kikuu, ni karibu saa tatu kwa gari. Usimtake mtu aende huko kila Alhamisi jioni baada ya kazi, halafu arudi usiku kwenye barabara ambayo ng'ombe na farasi huvuka bila taa. Azima chumba Tsaile, Chinle, Crownpoint au Shiprock. Mhadhiri ndiye asafiri. Yafaa mkutane Jumamosi mbili kwa mwezi pamoja na wiki kadhaa za kiangazi.

Masomo ya mtandaoni yanasaidia, ila usiyategemee peke yake. Nyumba nyingi za mashambani hazina intaneti ya uhakika, na zipo zisizo hata na umeme. Pangeni shule au maktaba ya karibu ibaki wazi siku za darasa.

Sasa jambo la saa, ambalo limeshawaharibia wengi siku ya kwanza. Kiangazi sehemu kubwa ya Marekani husogeza saa mbele kwa saa moja; Arizona haibadilishi saa. Taifa la Wanavajo hubadilisha. Kuanzia Machi hadi Novemba, darasa likitangazwa la saa 11 jioni kwa saa za Flagstaff, Window Rock tayari ni saa 12. Wahopi, ambao ardhi yao imezungukwa na ya Wanavajo, nao hawabadilishi. Kila tangazo liseme ni saa za wapi.

Wasome kwa kundi, watu wanane hadi kumi na wawili, waanze pamoja na wamalize pamoja. Mmoja akifiwa au akiuguliwa, wenzake humshika mkono.

Hatua ya 6: Weka ndani ya masomo yale watakayoulizwa kazini

Sheria, bajeti, tathmini ya walimu na elimu maalumu zimo katika kila programu. Yako iongeze ya mahali hapa.

Anza na fedha. Shule za umma za Marekani hutegemea sana kodi ya mali, na ardhi ya wenyeji haitozwi kodi hiyo. Pengo hilo huzibwa kwa sehemu na Impact Aid, mpango wa serikali kuu ulioanza 1950. Wilaya inayodai fedha hizo kwa ajili ya watoto wanaoishi kwenye ardhi ya wenyeji lazima iwe na taratibu zilizoandikwa za kushauriana na wazazi na taifa lao. Mkuu wa shule anayezijua taratibu hizo anaweza kuwafungulia wazazi mlango wa bajeti. Fundisha pia sheria ya Johnson-O'Malley ya 1934, inayotoa fedha za serikali kuu kwa elimu ya watoto wa wenyeji, na kamati zake za wazazi.

Kwa wa New Mexico, isomwe hukumu ya Yazzie na Martinez ya mwaka 2018, ambamo mahakama ilisema jimbo limeshindwa kuwapa watoto wa wenyeji, miongoni mwa wengine, elimu ya kutosha waliyoahidiwa na katiba. Mmoja wa wadai, Wilhelmina Yazzie, ni mama Mnavajo. Mtahiniwa aisome kama mtu atakayeulizwa na wazazi hukumu hiyo imeleta nini shuleni kwake.

Kwa upande wa mila, Diné College huendesha elimu yake kwa mzunguko wa hatua nne: Nitsáhákees, kufikiri, Nahatá, kupanga, Iiná, kuishi lile ulilopanga, na Siihasin, kutafakari na kujijenga imara. Kazi za kundi zinaweza kupangwa kwa mzunguko huo. Ila usiufundishe wewe. Mwalike mzee au mhadhiri wa chuo hicho, mlipe, na umwache aseme anachoona kinafaa kusemwa. Zipo hadithi na michezo ya kamba ambayo ni ya majira ya baridi tu. Ukiambiwa jambo fulani lisubiri mpaka theluji ianguke, ratiba ndiyo isogezwe.

Nidhamu ifundishwe kwa mfano wa upatanishi wa Kinavajo, ambao mahakama za Taifa hilo huutumia rasmi tangu 1982. Wahusika hukaa pamoja na ndugu zao, mpatanishi anayeheshimika huongoza, na mazungumzo huendelea mpaka uhusiano utengenezwe. Kumfukuza mtoto shule siku kumi, wakati basi lake huchukua saa nzima kufika, humaanisha kumwacha nyumbani bila mwalimu yeyote.

Hatua ya 7: Mafunzo ya vitendo yawe ya kweli

Mtahiniwa asimalize saa zake za mafunzo akisimamia foleni ya chakula. Mpe jambo lenye uzito, lenye siku ya mwisho, ambalo shule italitumia.

Mfano ninaoupenda ni mpango wa siku ya kupatwa kwa jua. Kwa Wanavajo wanaoshika mila, jua linapopatwa watu hukaa ndani kwa utulivu, hawali, hawanywi, hawalali na hawalitazami. Tarehe 14 Oktoba 2023 hifadhi za Taifa hilo, Monument Valley ikiwamo, zilifungwa kwa saa kadhaa. Ilikuwa Jumamosi. Sasa mwambie mtahiniwa: chukulia ingekuwa Jumanne, kupatwa kunaanza katikati ya asubuhi. Andika mpango. Ataona mara moja mambo yanavyofungamana. Mabasi yafike kabla ya saa ngapi? Chakula cha mchana kisogezwe, na jikoni waambiwe lini? Mapazia yatoshe madarasa yote? Yule mwalimu wa sayansi kutoka Ohio aliyekwisha nunua miwani ya kutazamia jua aelezwe na nani, kwa maneno gani, bila kuaibishwa? Familia za Kikristo zisizoshika mila hiyo zijibiwe nini? Mtoto mwenye kisukari, ambaye hawezi kukaa muda mrefu bila kula, afanyiwe nini? Barua kwa wazazi iwe ya lugha mbili, na kwa wasiosoma apatikane wa kupiga simu. Mtu akiuandika mpango huo vizuri, ameonyesha utawala, sheria, afya na mila kwa pamoja.

Mpangie pia kazi ya utoro unaotokana na Kinaaldá, sherehe ya siku nne ya msichana anayevunja ungo. Aandike kanuni itakayomlinda binti asihesabiwe mtoro, na itakayomwezesha kurudi bila kuachwa nyuma.

Angalau theluthi ya saa zifanyike katika shule nyingine, ya aina tofauti na yake. Anayetoka shule ya umma akakae kwenye shule ya ruzuku.

Hatua ya 8: Leseni, mapema

Kadi ya alama za vidole ya Arizona, nakala za vyuo, uthibitisho wa miaka ya kazi, mtihani wa jimbo: vyote vianze muhula mmoja kabla ya kumaliza. Mtu aliyefundisha shule tatu atahitaji barua tatu. Weka faili la kila mmoja na ulikague kila mwezi. Masharti ya majimbo hubadilika, kwa hiyo thibitisha kwenye ofisi ya leseni yenyewe badala ya kumtegemea aliyemaliza mwaka juzi.

Hatua ya 9: Msindikize miaka miwili ya kwanza

Sheria ya Taifa la Wanavajo ya 1985 ya upendeleo katika ajira, na ile ya serikali kuu ya 1934 kwa ofisi inayosimamia mambo ya wenyeji, humpa Mnavajo mwenye sifa nafasi ya mbele katika waajiri zinaowahusu. Sheria humfikisha ofisini. Kubaki humo kunahitaji watu. Mlezi amtembelee kila mwezi, na kundi liendelee kukutana hata ruzuku ikiisha.

Mambo yakikwama

*Mtahiniwa anataka kuacha.* Mtafute mwenyewe, nyumbani kwake ikiwezekana. Mara nyingi tatizo ni gari, mtoto au msiba. Mruhusu asimame muhula mmoja kwa maandishi, na uwajulishe watoa ruzuku ili saa ya deni isianze kuhesabika.

*Bodi mpya imechaguliwa na haitambui makubaliano.* Rudi hatua ya 2. Ndiyo maana nilisema maandishi. Mwombe mjumbe aliyekuwepo awaeleze wenzake.

*Mtahiniwa haongei Kinavajo vizuri.* Usimkatae kwa hilo. Kizazi kizima kilinyimwa lugha hiyo. Mpangie masomo yake ndani ya programu, na amtafute mzee wa kumsaidia katika mikutano. Ila kwa shule inayofundisha kwa Kinavajo, kama Tséhootsooí Diné Bi'ólta' ya Fort Defiance, ufasaha ni sehemu ya kazi.

*Mkuu mpya ana ndugu wengi miongoni mwa wafanyakazi.* Hili litatokea, maana k'é, udugu wa ukoo, humgusa karibu kila mtu. Tangu wiki ya kwanza aandike ni tathmini na ajira zipi hatashiriki, na nani atazishika. Bodi iipitishe orodha hiyo mbele ya watu.

*Kazi imepatikana, nyumba haipo.* Ardhi ni ya Taifa, na hakuna soko la nyumba kama la mjini. Uliza habari za nyumba za walimu kabla ya kusaini mkataba, na jibu liandikwe ndani ya mkataba wenyewe, pamoja na tarehe ya kukabidhiwa ufunguo.